Debe la tatu kwenye foleni

Mashine yangu ya kusaga ipo Nyambureti, wilaya ya Serengeti, kando ya barabara ya vumbi. Ni ya dizeli. Nguzo za umeme naziona nikisimama mlangoni, ila mota ni bei, kwa hiyo kila asubuhi bado napiga hendeli kama kijana. Nayasema haya mapema ili msomaji wa mjini ajue kwamba mashine ya namna hii haizimwi ovyo. Ukiizima katikati ya kazi, mahindi ya mtu yanabaki nusu tumboni mwa mashine, na kuiwasha upya ni jasho, dizeli na lawama.

Mwaka jana, saa nne asubuhi, niliizima pakiwa na madebe kumi na moja yanasubiri. Nitaeleza kwa nini. Nitaeleza pia kwa nini naona fedha za semina zinazomwagwa mkoani Mara zinawakosa watu wanaozihitaji.

Kwetu kuna neno msagane. Mwalimu mmoja mgeni, aliyetoka mbali na huku, alilisikia mashineni akadhani ni jina la mtu aliyeleta nafaka kusaga. Tulimwacha na dhana yake kwa wiki nzima. Msagane ni msichana ambaye hajakeketwa. Kamusi ingeishia hapo, lakini neno lenyewe haliishii hapo. Ndani yake kuna mtoto asiyekua, kuna uchafu, kuna binti ambaye ng'ombe wake wa mahari watahesabiwa kwa mkono mmoja. Mwanamke wa miaka arobaini akiitwa hivyo mbele ya watoto wake, amevuliwa utu uzima wake pale pale. Wavulana nao wana la kwao, mrisia, asiyetahiriwa, na hilo huwafikia hata majirani zetu Wajaluo wa Rorya, ambao mila yao haikuwa na jando. Nimemsikia muuza dagaa mmoja akirushiwa neno hilo mnadani huku akipima dagaa wake. Alizidisha kiganja kimoja kwenye kipimo, akanyamaza. Nadhani alikuwa akinunua amani.

Ukiuliza, utaambiwa: tunatania tu. Mimi napenda utani. Mtani wangu anaweza kuja msibani kwangu akalala kaburini, akadai alipwe ndipo atoke, na watu wakacheka huku wanalia. Lakini utani una mlango wa kurudia. Leo wewe, kesho mimi. Binti wa miaka kumi na mitatu atamrudishia nini mama aliye rika la mama yake?

Na sisi wa Mara tunajua vizuri kubandikwa jina. Mimi ni Mngoreme, lakini nikishuka basi Dar es Salaam nageuka Mkurya, kwa sababu huko kila atokaye Mara ni Mkurya, na kila Mkurya anaulizwa panga ameliacha wapi na mke amempiga mara ngapi wiki hii. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya nne nilikuwa ofisini kwa mtu, nahitaji huduma, na wenzangu kwenye benchi walicheka kwa niaba yangu. Nilirudi nyumbani nimekasirikia benchi kuliko yule aliyeuliza.

Sasa nirudi mashineni. Foleni ya mashineni si ya watu, ni ya madebe. Mtu anaweka debe lake, anakwenda kukaa kivulini, na debe linamshikia nafasi. Huu ni utaratibu wa zamani na hauna afisa wa kuusimamia.

Mwaka 2012 binti mmoja wa darasa la sita alikuwa na debe lake, la tatu au la nne. Mama mmoja akafika, akalisukuma kwa mguu mpaka mwisho, akasema msagane hasimami mbele ya wanawake. Injini ilikuwa ikinguruma, kwa hiyo si wote waliosikia, lakini wote waliona mguu. Wakacheka. Mimi nami nikacheka, kile kicheko cha mwenye biashara ambacho hakina furaha wala hasira, kinachosema tu kwamba wateja wote ni wangu. Binti akaenda kusimama nyuma. Alikuja tena mara kadhaa mwaka ule, na kila alipokuja aliliweka debe mwisho mwenyewe bila kuambiwa, hata akiwa amewahi kufika.

Desemba ikafika. Ukeketaji kwetu una msimu, na 2012 ulikuwa mwaka wa msimu. Baba yake, mzee wa kanisa, alikuwa ameapa kwamba bintiye hatakatwa. Hakuna aliyemkamata binti yule. Alitoka nyumbani alfajiri kwa miguu yake, akajiunga na wenzake waliokuwa wakienda kwa ngariba. Baba alimfuata akarudi peke yake. "Wamenishinda," aliniambia, na alikuwa na maana ya wazee wa mila. Mimi sikumjibu, kwa sababu nilikuwa naliona lile debe.

Yu hai. Ameolewa si mbali, huja na mtoto mgongoni, huniamkia kwa heshima kama zamani. Debe lake siku hizi analiweka popote apendapo, na hakuna anayeligusa.

Watu wa sheria wana la kusema hapa, na wana haki. Tangu mwaka 1998 Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 169A: anayemkeketa aliye chini ya miaka 18 anaweza kufungwa miaka mitano hadi kumi na mitano. Wapo wenye ujasiri wasiosubiri mahakama. Rhobi Samwelly, aliyekeketwa akiwa na miaka 13 akanusurika kufa, alifungua milango ya nyumba salama pale Mugumu mwaka 2014, na wasichana wamekuwa wakikimbilia kwake kila msimu. Ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, kuna kituo cha Masanga kinachofanya kazi hiyo hiyo. Na idadi inashuka, ingawa kwa mwendo wa kinyonga: utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa mkoa wa Mara wamekeketwa, ule wa 2022 ukakuta 28.

Lakini sheria inamtafuta mwenye kisu. Binti wa 2012 alikwenda kwa mwenye kisu mwenyewe, na kilichomsukuma hakikuanza Desemba. Kilianza mashineni kwangu, kisimani, kwenye njia ya shule, kikarudiwa mwaka mzima mbele ya watu wazima waliokuwa wakitazama. Nyumba salama itampokea anayemkimbia ngariba. Nani atampokea anayelikimbia neno?

Miaka ikapita. Nikaalikwa kwenye mafunzo ya siku mbili katika ukumbi wa kanisa. Sitaficha, nilikwenda kwa sababu ya posho na wali. Mwezeshaji alikuwa dada kijana, akatuambia hakuja kuzungumza na wakeketaji wala wakeketwaji. Amekuja kuzungumza na wanaosimama pembeni.

Alianza na kisa cha Mandera, kule Kenya. Desemba 2015 wapiganaji wa al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likienda Mandera, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwavisha wenzao Wakristo hijabu ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Ukumbi ulikuwa kimya. Halafu mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Sasa mwanangu, ukituonyesha huyo, sisi tutarudi nyumbani. Huyo ni shahidi wa Mungu. Mimi nina mbuzi sita na mguu mbovu."

Alisema kweli, na nadhani hapo ndipo mafunzo mengi yanapokufa. Mtu akionyeshwa shujaa, anatulia kabisa: anajua yeye si huyo, basi hadaiwi kitu. Kisa cha Salah Farah nitakisimulia maisha yangu yote, lakini hakiwezi kunifundisha la kufanya Jumanne mashineni.

Dada yule alikuwa na akili. Akaacha kuhutubia, akaleta igizo. Akanifunga kanga kiunoni, akanitwisha debe tupu, akasema wewe ni binti wa darasa la sita. Mimi, mzee wa miaka hamsini na minane. Mama mmoja mcheshi akapewa kazi ya kunitukana, na aliifanya kwa moyo wote. Nilijua ni igizo. Nilisikia hata harufu ya wali ukiiva nje. Hata hivyo masikio yalipata moto, na jambo lililonishangaza ni mahali macho yangu yalipokwenda. Sikumtazama aliyenitukana. Niliwatazama wengine mmoja mmoja, natafuta uso mmoja usiocheka. Haukuwepo. Nikaelewa kwamba mwaka 2012 kuna mtoto aliyenitazama hivyo.

Baada ya hapo tulijifunza vitu vidogo, hata vya kuaibisha kwa udogo wake. Jinsi ya kuuliza swali la kijinga ili kukata kicheko. Jinsi ya kumwita anayetukanwa aje akushikie kitu, akapata pa kwenda bila kuonekana amekimbia. Jinsi ya kusimama tu karibu naye. Jinsi ya kumfuata baadaye, ukiwa umeshindwa pale pale, ukamwambia: nilisikia, na halikuwa sawa. Tukaambiwa pia pale ambapo mtu haendi peke yake. Desemba, msafara unapopita na mapanga na filimbi, usijitie kiherehere; piga 116, simu ya bure ya watoto, au nenda kwenye dawati la jinsia na watoto polisi.

Tena alitulazimisha tuyaseme maneno yetu kwa Kingoreme na Kikurya, kwa sauti, tukisimama. Mwanzoni tuliona ni utoto. Lakini tusi huja kwa lugha ya nyumbani, na ukilijibu kwa Kiswahili unageuka afisa wa halmashauri. Watu wananyamaza mpaka uondoke. Na ulimi usiozoea kutamka jambo hautalitamka siku ya siku. Nilirudia sentensi yangu moja mara ishirini labda. Nilikwenda nayo nyumbani. Niliisema nikikamua ng'ombe.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya saa nne. Binti mwingine, debe lake la tatu. Mama mwingine, mguu ule ule. Kila mtu kwenye foleni alikuwa akimtegea mwenzake, kama kawaida. Sentensi yangu yote ya Kingoreme ikanitoka kichwani. Sikukumbuka hata neno la kwanza. Mkono ndio uliokumbuka. Ukazima mashine.

Kama hujawahi kukaa kwenye kelele ya injini kutwa, hujui ukimya wake ukoje. Kuku walisikika. Watu wote kumi na kitu waligeuka, hata waliokuwa kivulini wakasimama, maana mashine ikizimika ghafla ni ubovu, na ubovu ni hasara ya wote. Nikauliza, "Debe la huyu mtoto lilikuwa la ngapi?" Hakuna aliyejibu. Nikauliza tena. Mama mmoja mzee, ambaye kwa heshima sitamtaja, aliyepita kwenye kisu zamani na anayejulikana hivyo na kila mtu, akasema, "Lilikuwa la tatu. Mimi ni wa nne." Akalinyanyua kwa mikono miwili, akalirudisha.

Nikapiga hendeli. Ilikataa mara mbili, nikaaibika kidogo, ikakubali.

Nataka msomaji aone kwamba aliyefanya kazi pale ni yule mama. Mimi nilitoa ukimya tu. Mwanaume akimtetea msagane, minong'ono huuliza anamtakia nini. Kijana aliyerudi na elimu ya mjini akimtetea, wanasema wazungu wamemharibu. Lakini mwanamke ambaye mila haimdai kitu akisema lilikuwa la tatu, hakuna wa kumpinga. Kama mimi ndiye ningepanga mafunzo haya, nusu ya viti ningewapa wanawake kama yeye.

Maana hebu tuangalie viti vinapewa nani. Tuna mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ambao awamu yake ya kwanza ilianza mwaka wa fedha 2017/18, na chini yake kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji. Ni jambo jema. Lakini semina zinapokuja huitwa mtendaji, mwenyekiti, mwalimu mkuu, mchungaji. Watu hawa wakitokea mahali, maneno machafu hujificha. Mtendaji wa kijiji huenda akamaliza mwaka mzima bila kusikia mtu akiitwa msagane, si kwa sababu haliitwi, bali kwa sababu yeye ni mtendaji. Mimi nalisikia kila juma. Dereva wa bodaboda analisikia kijiweni. Fundi cherehani analisikia anapopima sare za shule. Kinyozi, mwalimu wa kwaya, mama wa genge la nyanya. Hao ndio waliopo.

Mfano mzuri kuliko wote niliowahi kusikia wa nguvu ya waliopo unatoka hapo jirani, Kenya, na hauhusu matusi kabisa. Watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack, walibandika karatasi ndani ya matatu za masafa marefu zikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Basi. Hawakumfundisha dereva, hawakuongeza askari. Kwa madereva walioacha vibandiko mahali pake kulikuwa na bahati nasibu ndogo. Katika jaribio lile la kwanza madai ya bima ya ajali yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Baadaye kampeni hiyo ikapewa jina la Zusha. Abiria walikuwa wakiogopa tangu zamani, kila mmoja kwenye kiti chake akidhani ni mwoga peke yake. Kibandiko kiliwapa ruhusa. Kampala nako, shirika la Raising Voices lilianzisha mpango walioupa jina la Kiswahili, SASA!, wakawatumia watu wa kawaida wa mtaani kuzungumza na majirani kuhusu kipigo cha wanawake. Utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta ukatili wa kimwili wa wenzi uko chini kwa asilimia 52 kwenye mitaa iliyofikiwa, ukilinganishwa na mitaa ambayo haikufikiwa.

Mzee wangu mmoja, tunayeheshimiana naye, alinijia jioni ya siku ile niliyozima mashine. "Tata," aliniambia, "umeanza kupigana na mila." Nikamwambia mila nitaizungumza naye nyumbani kwake, tukiwa tumekaa, kama inavyozungumzwa. Mashineni nilizungumzia foleni. Na nikamuuliza ni mila ipi ya Wangoreme inayoruhusu nafaka kusukumwa kwa mguu, maana mama yangu mzazi angenichapa. Hapo alicheka. Hatukukubaliana kuhusu mengine, na sikutegemea tukubaliane kwa kikombe kimoja cha chai.

Hasara ilikuwapo. Yule mama wa mguu na wenzake watatu walihamia mashine nyingine, mwendo wa kilomita mbili. Nilihesabu, kwa sababu mimi ni mfanyabiashara: wiki sita, kama madebe ishirini na nne. Wapangaji wa mafunzo wangelisema hili waziwazi badala ya kutuahidi kwamba jamii itatupongeza. Jamii hainipongezi. Vijana wa kijiweni walinipa jina, siliandiki hapa, gazeti lina watoto. Ningekuwa nimejiandaa, lingeniuma kidogo kuliko lilivyoniuma. Nililala nalo siku mbili. Kwa hiyo naomba kwenye mafunzo yajayo kuwe na saa moja ya jambo hili: kesho yake. Mtu aliyesimama atakuwa peke yake kesho yake, na nani atampitia kumjulia hali? Mimi alinipitia yule mama wa debe la nne, akaleta mtama wa kusaga ambao haukuwa na haraka yoyote.

Wiki ya saba mama wa mguu alirudi. Wanasema ile mashine nyingine neti yake imechoka, inatoa unga wenye punje. Sijui. Alifika na debe lake kichwani, akalitua, akapangusa jasho kwa ncha ya kanga. Kulikuwa na madebe matano, na la mwisho lilikuwa la yule binti, aliyekuwa ameketi juu ya kiroba akisoma daftari. Mama alisimama kidogo. Injini ilikuwa ikinguruma, kwa hiyo ilimbidi apaze sauti kuuliza wa mwisho ni nani.

Binti akainua mkono bila kuacha kusoma. Mama akaweka debe lake nyuma ya lile, akaenda kukaa kivulini.